Mama Jogoo na Uwanja wa Kimbunga

Klabu ya Riadha Kimbunga ya Chang'ombe, Dodoma, ilipewa jina na watu ambao hawajawahi kukiona kimbunga, katika mji ambao kimbunga hakijawahi kuufikia. Upepo upo, tena mwingi, wa kuezua mabati na kutia mchanga kwenye ugali. Lakini waasisi waliona upepo ni kitu cha kila siku, hakina hadhi. Hadhi ndicho kitu pekee ambacho klabu hii imekikimbilia kwa bidii tangu siku hiyo.

Ina mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti, katibu, katibu msaidizi, mweka hazina, mlezi, na mlezi wa heshima. Kila mmoja ana suti ya michezo ya kijani yenye mpira mpana kiunoni, kwa sababu ambazo ukiwaona utazielewa. Wakimbiaji nao wapo. Wote wanaenea kwenye bajaji mbili. Mwaka huu, klabu ilipokuwa ikijiandaa kusherehekea miaka arobaini, anayekimbia kweli alikuwa mmoja tu, binti wa Kondoa aitwaye Ikram. Na huyo viongozi walikuwa wamekataa kumpeleka kwenye mchujo wa mkoa.

Jambo hilo lilimuuma mtu mmoja kuliko wote, naye si kiongozi. Ni Emiliana Chibago, mjane mwenye bucha. Ukiingia Chang'ombe ukauliza Bucha la Mama Jogoo, mtu wa kwanza atakuelekeza. Ukifika utakuta nyama ya ng'ombe na ya mbuzi. Kuku hauzi, hajawahi kuuza, na mteja mgeni akiuliza jogoo yuko wapi, Emiliana humtazama akiwa na kisu mkononi na kumuuliza, "Nikukatie kilo ngapi?"

Jina hilo alipewa na Kimbunga. Ndilo tuzo pekee alilowahi kupata kutoka kwao.

Mwishoni mwa miaka ya themanini Emiliana alikuwa msichana mwenye miguu mirefu, aliyekuja mjini kutoka kijiji cha upande wa Kongwa kukaa kwa mjomba wake. Alizoea kukimbia nyuma ya ndama, na ndama wa Ugogo hawasubiri mtu. Klabu ikamchukua. Ndani ya msimu mmoja aliweka rekodi ya wanawake ya mita elfu moja na mia tano katika uwanja wa klabu, rekodi ambayo viongozi waliitazama kwenye saa, wakaitikisa ile saa, wakaitazama tena. Kwa kasi ile, walisema, binti huyu anakwenda taifa. Wakampeleka Singida kwenye mashindano ya kanda, mkimbiaji mmoja akisindikizwa na viongozi watano.

Singida Emiliana alikuwa wa pili kutoka mwisho. Aliyekuwa wa mwisho alianguka.

Safari ya kurudi walipanda lori la mizigo. Viongozi watano walikaa upande mmoja, yeye upande mwingine na magunia ya vitunguu. Njia nzima walijadili chanzo cha aibu ile. Mmoja alisema ni maji ya Singida. Mwingine alisema ni ugali wa asubuhi. Aliyehitimisha ni Methusela Ndahani, kijana mtanashati aliyekuwa bingwa wa klabu upande wa wanaume na tayari katibu msaidizi. Yeye alisema tatizo ni moyo. Miguu anayo, moyo hana. Jogoo wa shamba hawiki mjini.

Wote walicheka, hata dereva alipoelezwa. Kabla lori halijafika Dodoma jina lilikuwa limekamilika.

Haifai kumsahau Methusela hapo, kwa sababu ndiye mwenyekiti wa leo. Rekodi ya wanaume ya mita elfu moja na mia tano ni yake hadi sasa, imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa ofisi ya klabu, juu kidogo ya dirisha. Singida alikwenda kama kiongozi tu. Alipangwa kukimbia, lakini goti lilimuuma. Goti hilo lilikuwa na tabia yake. Safari ikipangwa linauma, safari ikipita linapona, na Jumamosi inayofuata Methusela anaonekana uwanjani Chang'ombe akiwapita vijana na kupunga mkono. Kwa hiyo hakuna mji hata mmoja nje ya Dodoma uliowahi kumwona akishindwa, na heshima aliyojengewa juu ya jambo hilo si ndogo.

Ni yeye aliyeleta kanuni ya kiwango. Baada ya aibu ya Singida klabu iliazimia kwamba hakuna mkimbiaji atakayevaa fulana ya Kimbunga nje ya klabu mpaka awe amefikia rekodi ya klabu. Si kuikaribia, kuifikia. Miaka michache iliyopita, uwanja wa Chang'ombe ulipochukuliwa kwa ujenzi ambao mpaka leo ni kibao tu, klabu ilihamia kwenye uwanja wa shule uliopimwa na mpima ardhi wa serikali. Tangu hapo hakuna hata mmoja aliyefikia kiwango. Ndiyo kusema Kimbunga haijashindwa popote, kwa kuwa haijaenda popote.

Viongozi walikuwa na maelezo. "Vijana wa siku hizi wamelelewa na chipsi," mwenyekiti alikuwa akisema, akiwa na sahani ya mbuzi mbele yake. "Sisi tulikula uwele."

Sasa ndipo akaja Ikram. Anasoma chuo hapa mjini na anaishi kwa shangazi yake Batuli, muuza vitambaa jirani na bucha la Emiliana. Ni mkimya, anavaa hijabu ya michezo na mikono mirefu, na anakimbia alfajiri kabla ya vipindi. Emiliana alimwona siku ya kwanza akipita mbele ya bucha. Akaacha kukata nyama.

"Yule ni wa nani?" akauliza.

"Wangu," Batuli akasema kwa unyonge. "Mtoto wa kaka yangu. Nimemwambia akimbie basi hata kwa siri, hasikii."

"Mwache. Mguu ule si wa kuuficha."

Kuanzia hapo Emiliana akawa anafunga bucha mapema jioni na kwenda uwanja wa shule na simu yake, kumpimia binti muda. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa hajakanyaga uwanja kwa miaka mingi, tangu siku alipomaliza msimu wake wa mwisho huku watu wakiwika kutoka pembeni. Ikram alikimbia vizuri kila wiki, na kila wiki rekodi ya Emiliana ilikuwa mbali vilevile. Mchujo wa mkoa ulikaribia. Baba yake Ikram alikuwa ametuma neno kutoka Kondoa: kama mkoa utamchukua, atamwachia akimbie, usipomchukua, viatu aviweke chini ashike kitabu. Binti alikubali. Baba yake ni mtu wa neno moja, na yeye ni mtoto wake.

"Mama Emi," aliuliza jioni moja, ameinama, mikono magotini, "hivi wewe ulikuwa unakula nini?"

Emiliana aliitazama tena saa ya simu. Alikuwa anajua mwili wake wa zamani ulivyokuwa, na alikuwa anaona mwili huu mbele yake. Huyu alikuwa bora. Jicho lilimwambia hivyo, saa ikakataa. Kwa mara ya kwanza alijikuta anaichukia rekodi yake mwenyewe, kitu pekee kilichobaki cha kumwonyesha mtu kwamba aliwahi kuwa kijana.

Wiki hiyo kaka yake Daudi alikuja kutoka kijijini kumsalimia, na kama desturi yake hakuweza kukaa mikono mitupu. Aliona kigoda cha bucha kinacheza miguu. Akachukua ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, akauloweka kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi akaufunga kwenye miguu ile akiuvuta kwa meno na goti. Mkia wa ukanda uliobaki akauacha unaning'inia mpaka ukagusa sakafu.

"Nitaukata ukikauka," akasema.

Jua la Dodoma halina mchezo. Kesho yake mchana Emiliana alikalia kigoda, kikawa imara kama jiwe. Akainama kuangalia. Mkia wa ukanda haukuwa unagusa sakafu tena. Ulikuwa umepanda, mtu angeweza kupitisha vidole vyote vinne chini yake.

"Daudi, umeshaukata?"

"Sijaugusa."

"Mbona umekuwa mfupi?"

Daudi alimtazama dada yake kama anayemtazama mtu aliyekaa mjini mno. "Ngozi ikikauka ulitaka ifanye nini, Emi? Irefuke?"

Hapo inabidi kueleza hadithi ambayo kila mwanachama wa Kimbunga anaijua kwa moyo, kwa sababu mwenyekiti huisimulia kila maadhimisho, amesimama, mkono mmoja kifuani. Ni hadithi ya jinsi waasisi walivyopima uwanja wa Chang'ombe. Hawakuwa na tepu. Msimamizi wa ujenzi wa barabara aliwaazima yake kwa siku moja tu, nayo ilikuwa siku ya mvua kubwa ya masika, uwanja wote matope, hakuna kinachopimika. Waasisi hawakukata tamaa. Walichukua kamba ndefu ya ngozi ya ng'ombe kutoka zizi la baba yake Methusela, imelowa chapachapa, wakaivuta watu wawili huku na wawili huku, wakaipima kwa ile tepu kwa uangalifu mkubwa, wakaikata palepale ilipotakiwa. Tepu ikarudi kwa mwenyewe. Kamba ikatundikwa stoo. Mvua ilipokwisha na ardhi kukauka, wakaitoa, wakapima uwanja mzima kwa kamba ile, wakapanga mawe kuuzunguka na kuyapaka chokaa. Baadaye kamba yenyewe iliibwa na mbwa. "Lakini kazi yake ilikuwa imekwisha," mwenyekiti humalizia, na watu hupiga makofi.

Watu hao wanaopiga makofi wamekulia kwenye mazizi. Wamewamba ngoma, wamefunga mipini ya majembe, wamekaza vigoda kama hicho cha Daudi. Hakuna mtoto wa Ugogo asiyejua kwamba ngozi hufungwa mbichi ili ikikauka ibane. Walijua nyumbani. Walipovaa suti za michezo wakawa wanariadha wa kisasa, wakaacha ujuzi huo zizini pamoja na ng'ombe, na kwa miaka arobaini hawajarudi kuuchukua.

Emiliana alicheka. Alicheka mpaka mteja aliyekuwa anasubiri utumbo akaondoka, na Daudi akaanza kumwangalia kwa wasiwasi. Kisha akaacha kucheka, akakaa kwenye kigoda kile na mikono mapajani.

Kwa mawazo alikuwa amefika Singida. Alikumbuka mzunguko wa mwisho, pale pumzi ilipokatika na miguu ikawa ya mtu mwingine, na wanawake wenzake wakampita mmoja mmoja. Maisha yake yote aliamini kwamba pale ndipo moyo ulipomwangusha. Sasa aliona vizuri. Mwili wake ulikuwa umezoea kumaliza mahali fulani, na Singida uliishiwa palepale unapoishia siku zote. Nyumbani pangekuwa na utepe na makofi. Singida palikuwa na mita nyingine mia moja.

"Sikuwa mwoga," akamwambia Daudi.

"Nani kasema wewe mwoga?"

"Mji mzima. Soma kibao hapo nje."

Jumapili alasiri viongozi wa Kimbunga hukutana kwenye baa moja yenye jiko la nyama, chini ya paa la makuti yaliyoletwa kutoka mbali kwa ajili ya hadhi. Emiliana alikwenda na Batuli. Alimkuta mwenyekiti katikati, kulia kwake Abeli Masinga, katibu, mtu anayevaa saa ya klabu ya kupimia muda shingoni hata kanisani. Mbele yao palikuwa na mbavu za mbuzi. Mbuzi huyo alitoka bucha lingine, jambo ambalo Emiliana aliliona na kuliweka akiba.

"Mbukwenyi," akawasalimu wote kwa Kigogo.

"Mbukwa, Mama Jogoo. Karibu kiti," mwenyekiti akasema. "Umekuja kwa habari ya yule binti, najua. Jibu ni lilelile. Kanuni ni kanuni."

"Na lile vazi lake lenyewe linashika upepo," Abeli akaongeza akitafuna. "Ni kama kukimbia na turubai."

"Wewe hilo tumbo linashika nini?" Batuli akauliza kwa upole, na mweka hazina akapaliwa.

Emiliana alieleza habari ya ngozi. Alieleza taratibu, kama anavyomweleza mteja kwa nini mfupa umo ndani ya kilo. Kamba ilikatwa ikiwa imelowa na imevutwa. Ilitumika ikiwa imekauka. Uwanja wa Chang'ombe ulikuwa mfupi, na kila rekodi iliyowekwa pale ilikuwa ya mbio fupi. Ya kwake ikiwamo.

Abeli alimaliza ubavu mmoja kwanza.

"Unasema waasisi wa klabu hii hawakujua kupima?" Abeli akauliza.

"Walijua. Wakapima ngozi."

"Baba yangu," mwenyekiti akasema, sasa ameweka mfupa chini, "alinipa kamba ile kwa mikono yake. Mama, wewe umekasirika kwa sababu ya yule mtoto, tunakuelewa. Ila usitie historia yetu matope. Tena fikiri: rekodi yako na wewe si itakwenda? Utabaki na nini?"

"Nitabaki na bucha."

"Uwanja wa Chang'ombe," mwenyekiti akasema, na hapo akasimama, kwa sababu hawezi kutaja uwanja ule akiwa amekaa, "una mita mia nne. Haupungui hata kwa kwato ya mbuzi. Mbele ya kamati hii nasema hivyo."

"Kwa hiyo rekodi ya pale ni halali?"

"Halali kabisa."

"Hata mtu akiiweka leo?"

"Hata akiiweka kesho kutwa. Uwanja ni uwanja."

"Katibu umesikia?"

"Nimesikia," Abeli akasema, na kwa tabia tu akagusa saa yake.

"Basi tukutane Chang'ombe Jumamosi asubuhi. Mawe yenu bado yapo. Muda pimeni ninyi, kwa saa yenu." Akainuka. Kisha akaitazama sahani. "Na mbuzi huyo ni mzee. Amewauzia nani?"

Walikuja wote. Kiongozi wa Kimbunga hakosi mahali ambapo anaweza kusimama akatazamwa, na habari ilikuwa imeenea. Wanachama wa zamani walifika na wake zao, wauza karanga nao hawakukosa. Uwanja wa zamani ulikuwa na mbigili, kinyesi cha mbuzi na kibao cha ujenzi kilichopauka, lakini mawe ya waasisi yalikuwa yamekaa palepale, yamezama nusu ardhini, chokaa imebaki kwenye mikunjo. Emiliana alikuwa amekuja tangu juzi kufyeka njia. Ikram alifika na shangazi yake, akasalimia wazee shikamoo mmoja baada ya mwingine, akafunga viatu.

"Kimbia kama unavyokimbia kule shuleni," Emiliana akamwambia. "Usiongeze kitu. Ukihisi umebakiwa na mbio na watu wanapiga kelele, usishangae. Simama."

Abeli akainua mkono, akaushusha.

Hakuna mengi ya kusimulia kuhusu mbio zenyewe. Binti alikimbia peke yake, upepo ukimkuta uso upande wa mashariki na kumsukuma upande wa magharibi, mbuzi wawili wakakimbia mbele yake kidogo na kuacha. Kwenye mzunguko wa pili wazee wakaacha kuongea. Kwenye wa tatu katibu msaidizi alianza kusogea karibu na Abeli ili aione saa, na mwenyekiti akamsogeza kwa kiwiko ili aione yeye. Emiliana hakuwa anatazama saa. Alikuwa anatazama jiwe la mwisho, lile lililokuwa likimwokoa enzi zile, na alimwona Ikram akilifikia akiwa bado na miguu yake.

Binti akapita. Abeli akabonyeza. Akaitazama saa, akaitikisa, akaitazama tena.

"Ya wanawake imevunjwa," akasema.

"Imevunjwa kwa mbali?" Batuli akauliza.

Abeli alikuwa ameshamwonyesha mwenyekiti saa, na mwenyekiti alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Wanachama wa zamani wanaoijua rekodi nyekundu ya ukutani wakaanza kukisia kutoka kwenye uso wake. Mzee mmoja, mwanamichezo mwenzake wa enzi hizo, akaliweka wazi kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Methusela, kwani imeshuka na ya kwako?"

Ilikuwa imeshuka. Msichana wa chuo, mwenye turubai, kwenye mbigili, alikuwa amempita bingwa wa wanaume wa Klabu ya Riadha Kimbunga, na kulikuwa na mke wake mwenyewe miongoni mwa watazamaji, akitafuna karanga na kungoja jibu.

Mwenyekiti aliangalia saa. Aliangalia binti. Aliangalia mawe, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, kama mtu anayekutana nayo mara ya kwanza.

"Haiwezekani," akasema. "Haiwezekani kabisa. Huu uwanja ni mfupi."

Ni muuza karanga tu aliyeendelea kuita wateja, kisha naye akaacha.

"Ahsante, Mwenyekiti," Emiliana akasema.

Mambo yaliyofuata yalikuwa mepesi. Kama uwanja ni sahihi, Ikram amefikia kiwango. Kama ni mfupi, kiwango hakipo. Abeli, ambaye ana makosa mengi lakini ujinga wa makusudi si mojawapo, aliandikisha jina la binti kwa mchujo siku ileile kabla mwenyekiti hajapata neno la tatu. Goti la mwenyekiti lilianza kumuuma, akasindikizwa nyumbani na mke wake aliyekuwa anacheka waziwazi.

Ikram hakushinda mchujo wa mkoa. Alishika nafasi ya tatu, na mkoa ulikuwa unatafuta watatu. Baba yake alitimiza neno lake. Alituma pia beberu kwa Emiliana, na Emiliana alimshukuru, akamchinja, akamuuza, maana biashara ni biashara.

Maadhimisho ya miaka arobaini yalifanyika kama yalivyopangwa, suti mpya, turubai jipya, mlezi wa heshima akalala kwenye kiti cha mbele. Ukuta wa ofisi ulikuwa umepakwa rangi upya na rekodi zote hazipo. Mwenyekiti alisimama, mkono kifuani, akasimulia historia. Waasisi, alisema, walifanya kazi kwa zana duni, na kosa la kibinadamu likatokea katika vipimo. Kosa hilo lisingejulikana kamwe kama si umakini wa uongozi uliopo, ambao siku moja asubuhi, palepale uwanjani, uligundua kwa macho tu kwamba uwanja ni mfupi, na haukuogopa kusema ukweli hata kwa kupoteza rekodi zake wenyewe. Watu wakapiga makofi. Baadhi walikuwa hawakuwepo asubuhi ile. Wengine walikuwepo, nao wakapiga vilevile.

Emiliana alikuwa amekaa nyuma na Batuli, amevaa gauni zuri. Kwenye ukuta ule lilikuwapo jina lake, chini ya dirisha. Sasa pale ni rangi ya krimu. Batuli alimgusa mkono.

"Simama useme," akamnong'oneza. "Usipoteze vyote viwili, rekodi na sifa."

"Nisimame niseme nini? Kwamba nilikuwa na mbio pungufu kuliko mlivyodhani na moyo mwingi kuliko mlivyosema? Hawa?" Akawatazama viongozi pale mbele, kijani kwa kijani, wakipeana mikono. "Kaa ule pilau."

Kibao cha bucha hakijabadilishwa. Juzi mteja mgeni, mtumishi wa serikali aliyehamia karibuni kutoka Dar es Salaam, alisimama akakisoma, akatafuta kuku kwa macho, hakuona. Akauliza kama kila mgeni anavyouliza. Safari hii Emiliana hakumuuliza kilo ngapi. Alifuta kisu kwenye aproni, akakaa kwenye kigoda ambacho hakichezi tena.

"Jogoo aliwika, baba," akasema. "Umbali wa mji ndio walioukosea. Sasa, nikukatie steki au ya mchuzi?"